Wimbo Uliofunguka Wenyewe

Kila siku baada ya masomo, Yusra alipita nyumbani kubadilisha sare, akala kilichokuwapo, kisha akateremka hadi ofisi ya akina mama wa mikoko. Ofisi yenyewe ilikuwa chumba kimoja cha matofali hapo Bodo, kando ya kitalu cha miche. Ndani mlikuwa na benchi, majembe, magunia yenye tope kavu, na meza ya mbao. Juu ya meza palikuwa na kompyuta iliyofunikwa leso.

Leso hiyo ilikuwa amri ya Bi Kahaso, mwenyekiti wa kikundi. Upepo wa chumvi ulikuwa umeshakula redio ya kikundi mpaka ikashika kutu kama chuma cha jembe, naye aliapa kwamba kompyuta haitakufa kifo hicho. Aliyemaliza kazi alizima, akafunika leso, akaenda zake. Hayo mawili yakishafanyika, kila mtu alihesabu kwamba kazi imekwisha na mlango ufungwe.

Yusra alikuwa Gredi ya Saba. Hakuna mtoto mwingine aliyeruhusiwa kuigusa kompyuta hiyo, na hakupewa ruhusa kwa kupendelewa. Alikuwa ameketi na akina mama hao kitaluni tangu akiwa mdogo, akijaza mifuko ya miche mpaka kucha zikawa nyeusi. Aliyemfundisha kazi hiyo alikuwa Bi Mejumaa, mama mnene mwenye sauti kubwa, aliyeweza kuishika mbegu ya mkoko akiwa amefumba macho akajua kama itaota au imeoza.

Bi Mejumaa alikuwa amefariki mwezi huo. Homa ilimshika, akapelekwa hospitali, hakurudi.

Kikundi kiliamua kwamba kwenye maonyesho ya mazingira huko Msambweni, Yusra ndiye atakayesimama mbele ya watu kumwelezea Bi Mejumaa na kazi yake, kwa picha. Kwa hiyo kila jioni Yusra aliketi mbele ya kompyuta akikusanya picha kutoka simu za akina mama. Bi Mejumaa amezama kwenye tope hadi magotini. Bi Mejumaa anamfokea mpiga picha. Bi Mejumaa anacheka. Yusra aliitaka kazi ile kuliko kitu chochote. Alikuwa hajapata nafasi ya kumwambia yule mama ahsante.

Jumamosi moja asubuhi akina mama walikutana ofisini kumsomea marehemu dua. Mume wake, Mzee Swabir, alialikwa. Baada ya dua alitakiwa aonyeshwe picha, kwa sababu nyingi hakuwa ameziona. Alikuja na kanzu safi, akakaa kwenye benchi, tasbihi mkononi. Udi ulichomwa. Fatiha ilisomwa. Wengine walifuta machozi.

"Haya, mwanangu, washa," Bi Kahaso akasema kwa sauti ya chini.

Yusra aliiondoa leso, akaikunja, akabonyeza kitufe. Kioo kilipata mwanga. Akaandika neno la siri, akauweka mkono mezani kungoja mashine itulie.

Haikutulia. Ngoma ililia ghafla, na zumari juu yake, kwa sauti ya kusikika mpaka kitaluni. Kwenye kioo wakatokea wanawake waliojifunga leso viunoni, wakicheza chakacha, ngoma ya harusi.

"Astaghfirullahi!" mmoja akapiga kelele.

Yusra alishika kipanya lakini hakuona pa kubonyeza. Bi Kahaso alimsukuma pembeni, akabonyeza kitufe cha kuzimia. Ngoma ikakatika.

Mzee Swabir aliinuka polepole.

"Mejumaa hajatimiza arubaini," akasema. "Nanyi mwaniita hapa kunichezea ngoma."

Akavaa makubadhi yake mlangoni, akaondoka bila kuaga.

Ndipo macho yote yakamgeukia Yusra.

"Wewe mtoto," Bi Kahaso akasema, "una kichaa?"

"Sikufungua mimi, Bi."

"Nani alikuwa ameketi hapa?"

"Ni mimi. Lakini sikufungua."

"Mkono wa nani uliokuwa mezani?"

"Wangu. Lakini sikugusa kitu."

"Basi ni jini."

"Yawezekana," Bi Dama akasema kutoka nyuma. Yeye alikuwa mweka hazina, na mambo ya majini alikuwa hayafanyii mzaha. "Nilisema tangu siku kilipoletwa. Chombo kipya huchomewa ubani kwanza. Hamkunisikia."

Hakuna aliyecheka. Bi Kahaso alimnyooshea Yusra mkono.

Huo mkono kila mtoto wa pwani anaujua. Ukikosa, unainama, unaushika, unaubusu, unasema nisamehe. Mkubwa anajibu nimekusamehe, na jambo linaishia hapo, haulizwi mtu kitu tena. Watoto wengi hufanya hivyo hata kama sahani imevunjwa na ndugu yao. Ni rahisi kuliko kubishana.

Yusra aliutazama ule mkono. Kisha akaiweka mikono yake nyuma.

"Sitaomba radhi kwa jambo nisilolifanya," akasema.

Benchi zima liliguna. Mama yake, Bi Hasina, aliyekuwa amekaa karibu na majembe, aliinamisha kichwa kwa aibu.

Bi Kahaso aliurudisha mkono wake kama mtu aliyeungua. "Vizuri. Kuanzia leo usitie mguu humu. Siku utakayokwenda kwa Mzee Swabir ukamwomba radhi, utarudi. Usipokwenda, Msambweni atasimama mtu mwingine."

Akaichukua leso, akaifunika kompyuta, akaivuta pembe zote mpaka mezani.

*

Jioni, Bi Hasina alikuwa uani akikuna nazi. Alikuna kwa nguvu mpaka Yusra akajua kwamba mambo ni mazito.

"Mama, sikufungua."

"Nimekusikia."

"Waniamini?"

"Kuamini ni kitu kingine. Mimi nakwambia omba radhi tu, yaishe. Utapungukiwa nini? Ni neno moja."

"Ni neno la uongo."

"Ni adabu!"

"Mama, nikienda kwa Mzee Swabir nikamwambia nisamehe, nitakuwa nimemwambia kwa kinywa changu mwenyewe kwamba nilimchezea Bi Mejumaa ngoma. Atalala na hilo mpaka afe. Wewe unataka alale na hilo?"

Mbuzi ya kukunia nazi ilinyamaza. Bi Hasina alimtazama binti yake, kifuu mkononi.

"Una kichwa kigumu," akasema.

"Najua."

"Ni cha baba yako hicho. Kwangu hukukitoa." Akaendelea kukuna, polepole sasa. "Lakini sikiliza nikwambie. Kusema sikufungua, sikufungua, hata mwizi husema sikuiba. Kama si wewe, basi kuna sababu. Kaitafute hiyo sababu. Ukiikosa, mdomo wako huo mrefu hautakusaidia."

Jumatatu shuleni habari ilikuwa imeshafika kabla yake. Wavulana waliokaa ukutani walianza mara walipomwona langoni.

"DJ Yusra! Tuwekee moja!"

"DJ wa matanga! Waonaje, na kwetu uje?"

Yusra alisimama mbele yao. "Mkimaliza mniambie," akasema, "nina kipindi cha Hisabati." Akapita. Machozi yalimtoka akiwa ameshaingia darasani, nayo aliyafuta haraka kwa ukingo wa mtandio.

Aliyemwona ni Kavenya, mwanafunzi mwenzake. Wazazi wake walitoka Ukambani wakapata shamba huku pwani kabla yeye hajazaliwa, na Kavenya hakuwa na mazoea ya kuzunguka maneno.

"Kwani ulifungua ama hukufungua?" akauliza.

"Sikufungua."

"Sawa. Twende kwa Muasya tukitoka shule. Yeye ndiye anajua hizo vitu."

Muasya alikuwa kaka yake mkubwa. Alikuwa na duka dogo la kompyuta kwenye barabara ya lami, watu wakija kupiga chapa barua na kujaza fomu mtandaoni. Aliwasikiliza huku akila mhogo wa kukaanga, kisha akatikisa kichwa.

"Msichana, mashine haina mapepo. Kama kitu kimefunguka, kuna mtu amekifungua. Hiyo ni simple."

"Niruhusu nijaribu," Yusra akasema.

"Kujaribu nini?"

"Labda ule wimbo uliachwa wazi na mtu kabla yangu. Nifungue ukurasa mmoja, nizime kompyuta, niwashe tena. Nione kama ukurasa utarudi wenyewe."

"Na wateja wangu waende wapi, wakae kwa mapaja yangu?"

"Tutakufagilia duka."

Muasya aliangalia sakafu yake, akaona kwamba huo ulikuwa mpango mzuri. Walifagia, wakapangusa vumbi hata nyuma ya mashine ambako mjusi alikuwa amehamia. Kisha wakapewa kompyuta ya pembeni. Yusra alifungua ukurasa wenye picha ya mikoko. Akazima kwa utaratibu. Akawasha. Akangoja, ameshika ukingo wa kiti.

Kioo kilikuja kitupu. Hapakuwa na ukurasa wala picha.

Akarudia. Kitupu vilevile.

"Umeona sasa?" Muasya akasema. "Mashine ikizimwa imezimwa. Enda uombe msamaha, mtoi. Hata mimi nimeshaomba mingi tu."

Yusra alikuwa amekuja na tumaini moja tu, nalo lilikuwa limekwisha mbele ya macho yake. Hata hivyo hakuinuka kwenye kile kiti.

"Kaka Muasya," akasema, "mimi sikufungua. Hata mashine yako ikisema hivi, mimi bado sikufungua."

Muasya alicheka. "Wewe ni mgumu! Lakini usitumie hii ya kwangu kuapa. Hizi za duka niliziambia zisikumbuke kitu. Hapa mtu alikuwa anafungua barua zake za kazi, anazima, anaenda. Mwingine anakuja, anawasha, anapata mambo ya yule wa kwanza yote iko hapo mbele yake. Nikatukanwa na watu wawili siku moja. Nikaizima hiyo kitu."

Kavenya na Yusra walitazamana.

"Hiyo kitu gani?" Kavenya akauliza.

"Hiyo ya kurudisha." Muasya aliacha kutafuna. Aliuweka mhogo chini, akajikuna shingo. "Ebu ngoja. Ya hao kina mama ni mpya?"

"Waliletewa mwaka huu."

"Na hakuna mtu aliigusa mipangilio yake?"

"Sisi huizima na kuifunika leso tu."

"Aah," Muasya akasema. Akavuta kiti. "Basi nimewadanganya. Sogeeni hapa."

Aliwaonyesha. Kwenye mipangilio ya mashine, sehemu ya akaunti, mahali pa kuchagua namna ya kuingia, palikuwa na swichi ndogo. Maneno yake yalikuwa ya Kiingereza, lakini maana yake ilikuwa kwamba mashine izikumbuke programu zilizokuwa wazi, izifungue tena mtu akirudi. Kwenye mashine ya Muasya swichi ilikuwa imezimwa. Akaiwasha. Yusra akafungua picha ya mikoko, akazima kompyuta, akawasha.

Picha ilirudi yenyewe. Hakuna aliyekuwa ameigusa.

Kavenya alipiga kofi mezani. "Iko hiyo!"

"Na si hiyo peke yake," Muasya akasema. "Ile programu ya kufungulia mtandao nayo ina yake. Ndani ya mipangilio yake kuna mahali unaiambia ikianza ianze na nini. Ukurasa mpya, ama pale ulipoachia. Ukizima moja ukaacha nyingine, bado utashikwa. Zima zote mbili. Halafu kubwa kuliko zote, funga vitu zako kabla hujazima mashine. Kuzima na kufunga si kitu moja."

Yusra alimfanya arudie mpaka akachoka.

*

Kabla ya kwenda kwa Bi Kahaso, Yusra alikwenda kwa Mzee Swabir. Alimkuta kizingitini akisuka kamba za kiti.

"Shikamoo, babu."

"Marahaba." Hakuinua macho. "Umetumwa kuomba radhi."

"Nimetumwa, lakini sikuja kuomba radhi. Nimekuja kukuomba uje ofisini kesho akina mama wakikutana."

Mzee aliacha kusuka. Alimtazama usoni kwa mara ya kwanza.

"Wajua wazungumza na nani?"

"Najua, babu. Wewe ndiye uliyeudhiwa kuliko wote. Ndiyo maana nataka uone kwa macho yako. Nikishindwa, nitaubusu mkono wako mbele ya watu wote. Nisiposhindwa, sitaubusu."

Pembe moja ya mdomo wa Mzee Swabir ilicheza kidogo.

"Ulimi huo," akasema, "umekaa na Mejumaa sana wewe. Nitakuja. Lakini nitakaa nje. Ndani sitii mguu."

Siku ya pili akina mama walikuwa wametoka kupanda, miguu ikiwa bado na tope. Mzee Swabir alikaa barazani, mgongo wake ukiwa umeegemea ukuta, dirisha likiwa wazi juu ya kichwa chake. Yusra aliingia akiwa na mama yake.

Bi Kahaso alisimama. "Umekuja kuomba radhi?"

"Hapana, Bi."

"Basi geuka urudi ulikotoka."

"Nitageuka. Lakini kwanza naomba kompyuta iwashwe. Nisiwashe mimi. Awashe Bi Dama. Mimi nitasimama hapa mlangoni, na mikono yangu ifungwe."

"Huyu mtoto anatuamrisha?" Bi Kahaso aliwageukia wenzake. "Mwasikia? Hasina, hivi ndivyo ulivyomlea?"

Bi Hasina alivua leso aliyojitanda begani, akaishika mikono ya binti yake, akaifunga pamoja kwa fundo ambalo angefungia mzigo wa kuni.

"Hivi ndivyo nilivyomlea," akasema. "Dama, washa."

Bi Dama alinong'ona bismillahi mara kadhaa, akaivuta leso ya kompyuta kwa vidole viwili kana kwamba chini yake pana nyoka. Akabonyeza. Kioo kikapata mwanga. Akaandika neno la siri, herufi moja baada ya nyingine, kisha akarudi nyuma hatua kubwa.



Kisha ngoma ikalia.

Ni wimbo uleule, zumari lilelile, wanawake walewale wenye leso viunoni. Bi Dama alipiga yowe. Wengine wakasimama. Na wote wakamtazama Yusra aliyekuwa kule mlangoni, mikono imefungwa, hakuna kidole kilichosogea.

"Inafungua yenyewe!" mmoja akasema. "Wallahi inafungua yenyewe!"

Safari hii hakuna aliyekimbilia kitufe. Video iliendelea, kamera ikageuka upande wa pili wa chumba cha harusi, na katikati ya duara akatokea mama mmoja mwenye dera la njano, kiuno kikienda kama ungo unaopeta. Akapaza sauti juu ya ngoma:

"Nipisheni! Wasichana wa leo hamjui kuzungusha!"

Hapakuwa na mtu Bodo asiyeijua sauti ile. Ilikuwa ya Bi Mejumaa, iliyokuwa ikiwaita wote kitaluni.

Bi Kahaso aliruka, akaitupa leso juu ya kioo. Lakini leso haizuii sauti. "Nipisheni!" ikaendelea kutoka chini ya kitambaa. "Kaza hapo, mpiga ngoma! Kaza!"

Bi Dama ndiye aliyeanza kucheka. Kisha benchi zima likaanguka kwa kicheko, watu wakishikana mabega, wengine wakilia. Na kutoka nje, chini ya dirisha, ikasikika sauti kavu ya mzee aliyekuwa akijaribu kukohoa ili asicheke.

Bi Kahaso alipunguza sauti ya mashine. Aliketi. Hakucheka.

"Ni harusi ya mpwa wangu, Mombasa, tuliyokwenda na Mejumaa kabla hajaugua," akasema. "Nilitumiwa. Simu yangu ina kioo kilichopasuka, sioni kitu, kwa hiyo nikafungulia hapa. Ijumaa, siku moja kabla ya dua, nikiwa peke yangu. Nikatazama, nikazima, kioo kikawa cheusi, nikafunika. Nilijua kimekwisha."

"Na siku ile ya dua uliujua wimbo?" Bi Hasina akauliza.

Bi Kahaso aliiondoa leso kiooni. "Niliujua kwa zumari la mwanzo tu. Nikasema huyu mtoto ameutafuta akaufungua, ili anifedheheshe mimi na kikundi. Hasira ikanipanda. Na sikutaka kusema wimbo ni wangu."

"Ulizima, Bi, lakini hukufunga," Yusra akasema. Hakulisema kwa kiburi. "Mashine ikizimwa na vitu viko wazi, inavikumbuka. Ukiiwasha inakurudishia. Kuna swichi zake. Nifungueni mikono niwaonyeshe."

"La," Bi Kahaso akasema. "Kaa hivyo hivyo. Nielekeze kwa mdomo. Aliyekosa ndiye atakayefanya kazi."

Akavaa miwani yake, akaketi mbele ya kompyuta. Yusra akasimama nyuma yake, mikono bado imefungwa, akamwelekeza. Kwanza waliufunga ukurasa wa video, kwa alama ya msalaba iliyo pembeni juu. Kisha mipangilio. Akaunti. Namna ya kuingia. Ile swichi. Bi Kahaso akaibonyeza kwa kidole kilichokuwa na tope kavu.

"Sasa fungua ukurasa wowote, Bi, halafu zima, uwashe. Tuone."

Bi Kahaso akafungua ukurasa wa hali ya hewa, akazima, akawasha. Kioo kikaja kitupu. Akina mama wakapiga vigelegele. Lakini Bi Kahaso alipoifungua ile programu ya mtandao, ukurasa wa hali ya hewa ukarudi, mvua na mawingu yake yote.

"Aa! Kiko palepale!" Bi Dama akasema. "Niliwaambia ubani!"

Kwa sekunde chache Yusra aliogopa kwamba kila kitu kimeharibika tena. Kisha akaisikia sauti ya Muasya: zima zote mbili.

"Si jini, Bi Dama. Ni swichi ya pili. Hii programu nayo ina kumbukumbu yake."

Wakaitafuta. Palipokuwa pamechaguliwa ianzie pale ilipoachiwa, wakachagua ukurasa mpya. Wakazima, wakawasha, wakafungua. Pakawa peupe. Wakajaribu tena, maana Bi Dama hakuridhika. Peupe.

Bi Kahaso alivua miwani. Aliinuka, akaja kumfungua Yusra lile fundo. Lilikuwa limekazwa kweli, akalifungua kwa meno. Kisha akafanya jambo ambalo wale akina mama walilizungumza kwa muda mrefu baadaye. Aliushika mkono wa mtoto, akainama, akaubusu.

"Nisamehe, Yusra."

Yusra hakujua mtoto hujibu nini. Alimtazama mama yake.

"Jibu," Bi Hasina akasema. "Umeombwa radhi."

"Nimekusamehe, Bi."

Mzee Swabir alikuwa ameshasimama mlangoni. Alivua makubadhi yake, akatia mguu ndani.

"Kahaso, na mimi una radhi yangu," akasema.

"Ninayo, mzee. Nisamehe."

"Nimekusamehe. Mejumaa angekuwapo angeingia humo katikati, akakufundisha kuzungusha." Wakacheka tena, taratibu. Kisha mzee akamgeukia Yusra, sauti yake ikabadilika.

"Sikiliza, mjukuu wangu. Wengi wangeubusu ule mkono siku ile wakaenda kula. Mimi ningekaa kwangu nikiamini uongo, mwenyekiti angebaki na siri yake, na ngoma ingelia tena siku nyingine mbele ya wageni. Adabu ni kuomba radhi ulipokosa. Kuomba radhi usipokosa si adabu, ni kumficha aliyekosa. Ukijua kwamba ni kweli, simama hapo hapo. Lakini usisimame na mdomo mtupu. Nenda ukatafute, kama ulivyotafuta."

"Na sisi wakubwa," Bi Kahaso akaongeza, "kabla hatujanyoosha mkono kubusiwa, tuutazame kwanza una nini. Kuanzia leo, mtu afunge alichokifungua. Ndipo azime. Leso mwisho."

Kisha akavuta kiti, akakipangusa kwa ukingo wa dera lake.

"Keti, mwanangu. Msambweni ni wewe, na babu yako hajaona picha."

Yusra aliketi. Mzee Swabir alisimama nyuma yake, mkono juu ya kiti. Yusra aliingoja mashine mpaka ikatulia kabisa, kioo kitupu, bila sauti. Kisha yeye mwenyewe, kwa mkono wake, akaifungua picha ya kwanza. Bi Mejumaa, magoti kwenye tope, akiwafokea wote.